Land Cruiser ya 1HZ kati ya Lubumbashi na Kolwezi: lita 27 zilikuwa zinaishia wapi

Gari lenyewe ni Land Cruiser HZJ78, ile ndefu yenye milango miwili ya nyuma. Injini ni 1HZ: silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, ya mazutu (dizeli), haina turbo, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa. Lilivuka kutoka Zambia, ambako mwenyewe wa kwanza alilitengeneza kwa ajili ya pori: likanyanyuliwa kwa springi ndefu, likavishwa matairi makubwa ya matope, likabebeshwa keria ya chuma juu na bampa zito mbele. Leo ni la mama mmoja wa Lubumbashi anayeuza vifaa vya umeme. Halioni pori tena ila mara chache. Kazi yake ni lami: kupeleka mali na mafundi Kolwezi kupitia Likasi na Fungurume, kisha kurudi. Kwenda na kurudi ni kilomita 610.

Malalamiko yalikuja hivi: "Fundi, hii mutoka inakunywa mazutu sana. Ao ni injini, ao kuna mutu anauzisha mazutu yangu."

Shofa alikuwa amesimama palepale. Ni mtu mzima, amempita mama kwa umri, na mama mwenyewe humwita Papa. Alijibu kwa maneno machache: "Mama, mie siibake." Kisha akanyamaza.

Naandika kisa hiki kirefu kwa sababu ya maneno hayo mawili. Katika mji wetu shofa hupoteza kazi kwa hesabu ya mafuta ambayo hakuna aliyeipima, na injini nzima hufunguliwa kwa sababu hiyohiyo. Mama huyu alikuwa na jambo moja zuri sana ambalo wengi hawana: daftari. Kila safari aliandika lita alizolipia na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Safari ya kawaida ilikuwa lita 102 kwa kilomita 562. Ukigawanya, ni lita 18.1 kwa kilomita 100. Jirani yake wa biashara ana gari kama hilo, injini hiyohiyo, njia hiyohiyo, naye hupata 12. Kwa hesabu ya daftari, kila safari zilikuwa zinapotea lita 34, zaidi ya bidoni moja ya lita 25. Ukiwa mwenye mali, ni lazima uulize bidoni hiyo inakwenda wapi.

Alikuwa ameshapewa mashauri mawili kabla ya kufika kwangu. La kwanza, anunue pampu ya mazutu na injekta (vipulizi vya mazutu) mpya zote sita. La pili, aweke turbo, "ili injini isichoke, ikunywe kidogo". Yote mawili ni fedha nyingi. Nilimwomba asinunue chochote mpaka tujue kwanza gari linatumia kiasi gani kwa kweli.

Kilomita ambazo dashibodi haikuziona

Ukisoma daftari kwa makini, kuna neno linakataa. Barabara kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi na kurudi haiwezi kuwa kilomita 562. Kila anayeijua njia anajua inapita 600. Basi dashibodi ilikuwa inahesabu pungufu, na sababu ilikuwa inaonekana kwa macho: matairi.

Gari hili lilitoka kiwandani na matairi ya 7.50R16, ambayo kipenyo chake ni kama milimita 810. Lililokuwa nayo lilipofika garaji ni 315/75R16. Namba hizo zinajieleza: upana milimita 315, ukuta wa tairi ni asilimia 75 ya upana huo, rimu ya inchi 16. Ukuta ni milimita 236, mara mbili ni 472, ongeza rimu milimita 406, unapata karibu 879. Gawanya 879 kwa 810: tairi jipya ni kubwa kwa asilimia 8.5. Kila linapozunguka mara moja gari linasogea mbali zaidi, lakini waya wa spidi unahesabu mizunguko tu, haujui kwamba gurudumu limebadilika. Simu yenye ramani ilipoonyesha kilomita 100, dashibodi ilionyesha 92.

Rudi sasa kwenye lita 102. Kwa kilomita 610 za kweli ni lita 16.7 kwa 100, si 18.1. Bado ni nyingi, na jirani bado ana haki ya kushangaa. Lakini katika zile lita 34 zilizodaiwa kuibwa kila safari, karibu 6 hazikuwahi kuwapo. Zilizaliwa na hesabu. Nilimwonyesha mama kwenye karatasi, shofa akiwa anasikia, kwa sababu niliona ni haki yake kusikia.

Dashibodi iliyodanganya kilomita ilidanganya pia mwendo, na hapa ndipo sehemu kubwa ya mafuta ilipokuwa. Shofa ni mwangalifu. Kanuni yake barabarani ni 100, hapiti, isipokuwa anapolipita lori. Mshale wake ulipokuwa kwenye 100, gari lilikuwa linakwenda 108. Alipobonyeza hadi 110 ili kulipita lori la shaba, lilikuwa karibu 120. Mtu alikuwa anatii kanuni yake, huku gari likienda kasi ambayo yeye mwenyewe asingeikubali.

Tulipima upya kwa namna ambayo hakuna atakayeibishia. Gari hili lina matangi mawili, na matangi mawili huvuruga hesabu kuliko kitu chochote, kwa hiyo tuliyahesabu yote mawili pamoja. Tuliyajaza yote hadi shingoni kwenye pampu ileile, gari likiwa limesimama mahali palepale, tukangoja povu lishuke, tukajaza tena. Ndugu mdogo wa mama alikaa kiti cha pembeni kwenda na kurudi. Tukapima safari nzima, si ya kwenda peke yake, kwa kuwa Kolwezi iko juu kuliko Lubumbashi kwa zaidi ya mita 200, na kupandisha tani mbili na nusu na ushee kwa kimo hicho hula zaidi ya nusu lita. Ukipima kwenda tu unaionea injini. Ukipima kurudi tu unaipendelea.

Jibu lilikuwa lita 102, zilezile za daftari. Hakuna aliyekuwa anauza mazutu ya mama. Alimgeukia shofa akamwambia, "Papa, unisamehe," mbele ya vijana wa garaji, na kwangu mimi hilo lilikuwa na thamani kuliko lita zote zilizofuata.

Upepo

Baada ya hapo gari lenyewe ndilo lililopaswa kujibu. Watu wengi wenye magari haya ya zamani hufikiri mafuta yanaliwa na injini. Injini ni njia tu. Kwenye barabara ya lami, mafuta yanaliwa na vitu viwili vikubwa: hewa inayosukumwa mbele ya gari, na matairi yanayokunjwa chini yake. Mengine yote ni madogo mpaka kitu kiharibike.

Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 90 hadi 108 ni ongezeko la moja ya tano tu, lakini ukipigisha mraba upepo unakuwa karibu mara moja na nusu. Nilifanya hesabu ya gari hili hasa. Uso wake wa mbele, pamoja na keria na yale matairi mapana, ni kama mita za mraba 3.2. Umbo lake ni sanduku, na kwa sanduku lenye keria kigezo cha ukinzani (namba ya jinsi umbo linavyozuiwa na hewa) cha 0.55 si cha kuonea. Kwa 90, upepo unalisukuma nyuma kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 57. Kwa 108 ni kilo 83. Hizo kilo 26 za tofauti zinavutwa kila mita, kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi.

Na hapo tuna bahati ya kuishi juu. Kwenye mita 1,200 na joto la nyuzi 25, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya saba. Gari hilohilo likikimbia Moanda, kule pwani, lingekutana na upepo mzito zaidi. Lakini bahati hiyo ina bei yake, nitaifikia.

Hatua ya kwanza basi haikugharimu hata faranga moja. Keria ilishushwa, pamoja na gurudumu la akiba lililokuwa juu yake na vishikio vya bidoni. Mzigo wa mama unaingia wote ndani. Keria ilibaki pale kwa sababu ilikuja na gari. Uzito wake si hoja kubwa kwenye lami. Hoja ni kwamba upepo unaopita juu ya paa lililo tupu huteleza, ila ukikutana na mabomba ya chuma, gurudumu limelala na vishikio vimesimama, unapasuka na kuzunguka, na gari ndilo linalolipa.

Matairi yalikuwa na upepo wa kilo 1.9 kwenye kipimo cha mgandamizo. Mtu aliyapunguza ili gari lisirushe kwenye mashimo ya mitaani, na kwa matope ni sawa kabisa. Kwenye lami, tairi laini hukunjwa na kukunjuka kila mzunguko, na ile joto unayoisikia ukiligusa baada ya safari ni mazutu uliyonunua. Tukaweka kilo 2.5 mbele na 2.8 nyuma, asubuhi, yakiwa baridi. Habu za mbele, zile zinazounganisha magurudumu na ekseli, zilikuwa zimefungwa muda wote, kwa hiyo ekseli ya mbele, difu yake na shafti vilikuwa vinazungushwa bure. Tukazifungua. Shofa alionyeshwa jinsi ya kuzifunga tena mvua ikianza, na kwamba azizungushe mara moja moja ili mafuta ya ndani yasikauke.

Mwendo ndio ulikuwa wa mazungumzo. Tuliweka alama ndogo ya rangi kwenye kioo cha spidi mahali ambapo simu ilisema 90. Mshale pale ulisoma 83. Mama aliogopa kuchelewa. Kwenye karatasi, kilomita 305 kwa 90 badala ya 108 ni nusu saa na dakika chache. Barabarani ni pungufu ya hapo, maana kwenye njia hii mwendo wako hupangwa na msururu wa malori ya migodi, foleni za peaji na vijiji, kuliko mguu wako. Anayekimbia 108 hufika nyuma ya lori lilelile mapema zaidi, akafunga breki, na mafuta aliyoyachoma kupata kasi ile yanaishia kwenye pedi za breki.

Kuna wanaoshauri kumfuata lori kwa karibu ili likukinge upepo. Nilimkataza shofa wazi. Ukinga ni wa kweli, ila ukiwa karibu kiasi hicho huoni shimo wala breki ya ghafla, na mbele yako kuna tani nyingi za shaba au tindikali. Vilevile asitie gia huru kwenye mteremko. Pampu ya 1HZ ina gavana. Ukiachia mguu gari likiwa ndani ya gia, hukata mafuta karibu yote, na injini huzungushwa na magurudumu. Ukitia huru, injini inahitaji mazutu ili iendelee kuunguruma, na umepoteza msaada wake wa kupunguza mwendo.

Safari ya kupima baada ya hatua hii ilitoa lita 87. Ni 14.3 kwa kilomita 100, na hakuna spea iliyonunuliwa.

Yaliyokuwa yamefichwa ndani

Sasa ndipo nilipofungua boneti kwa nia ya kutengeneza. Nilichokiona kwanza ni kitu kisichokuwapo: termostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Mtu aliitoa. Jambo hili liko kwenye magari mengi mno ya mji huu. Gari linachemka, fundi anatoa termostati, mshale wa joto unashuka, mteja anafurahi. Kumbe sababu ya kuchemka ilibaki, na injini sasa haifikii joto lake la kazi.

Kwa 1HZ hilo ni kosa ghali kuliko kwa injini nyingi. Mazutu yake hayapulizwi moja kwa moja juu ya pistoni. Yanaingia kwanza kwenye kichumba kidogo ndani ya kichwa cha silinda, moto unaanza pale, kisha unasukumwa nje. Kichumba kile kinategemea kuta zenye joto. Maji yakizunguka bila kizuizi, joto linaenda kwenye rejeta badala ya kusukuma pistoni, na oili inabaki nzito. Kiangazi huku, asubuhi za Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10. Gari likiondoka Lubumbashi alfajiri, lilikuwa linafika mbali sana kabla mshale haujanyanyuka.

Hatukurudisha termostati hivihivi. Kwanza tulitafuta kwa nini iliondolewa. Rejeta ilikuwa imezibwa kati ya mapezi yake kwa matope makavu na mbegu za majani, na lile bampa zito lilikuwa limeificha hata asiyetafuta hakuona. Tuliitoa, tukaiosha kwa maji kutoka nyuma kwenda mbele, tukaosha na ndani, ndipo termostati mpya ya asili ikaingia. Injini sasa inapata joto mapema na inakaa hapo hata kwenye kilima.

Breki ya mbele kulia ilikuwa inakamata. Shofa mwenyewe ndiye aliyetuelekeza: alisema gari linavuta kulia kidogo ukiachia usukani, na kwamba ameshalisema mara nyingi. Baada ya mwendo mfupi bila kufunga breki, kipima joto cha mwanga kilisoma nyuzi 140 kwenye diski ya kulia na 60 kushoto. Pistoni mbili za kalipa zilikuwa na kutu. Ukiwa huna kipima joto, pandisha gurudumu kwa jeki ulizungushe kwa mkono. Lisilozunguka kwa ulaini linakula mafuta yako. Tukarekebisha na mwelekeo wa magurudumu ya mbele, ambao ulivurugika tangu springi ndefu zilipowekwa. Kingo za ndani za matairi zilikuwa zimeanza kuwa na meno.

Kisha moshi. Kila kilima gari lilitoa moshi mweusi mzito, na mama aliambiwa ni dalili ya nguvu. Moshi mweusi ni mazutu yaliyokosa hewa. Hii ndiyo ile bei ya kuishi juu niliyoisema. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kimo, kwa sababu hewa inayovuta ni nyepesi. Injini hii haikuwa na kifaa cha kupunguza mafuta kwa kadiri ya kimo, na juu ya hapo lakiri ya skrubu ya pampu ilikuwa imevunjwa: mtu aliizungusha ndani ili gari lipande vizuri na yale matairi makubwa. Mafuta yaliongezeka, hewa haikuongezeka. Nguvu kidogo ilipatikana, yaliyobaki yakatoka kwa bomba la nyuma.

Pampu ilipelekwa kwenye benchi ya kupimia, ikarudishwa kwenye kipimo, kisha tukaipunguza kidogo zaidi barabarani, mpaka kilima kikali chenye mguu chini kikatoa ukungu mwepesi tu. Hapo ndipo mahali pake kwa kimo chetu. Injekta zilipimwa zote. Mgandamizo wa kufungua kwa 1HZ ni karibu baa 150. Nne zilikuwa salama, mbili zilikuwa zinadondosha badala ya kupuliza. Tukabadilisha nozeli za hizo mbili. Mama alikuwa ameshauriwa anunue sita nzima na pampu mpya.

Nafasi za valvu nazo zilipimwa injini ikiwa baridi: za kuingiza hewa ziwe kati ya milimita 0.15 na 0.25, za kutoa moshi kati ya 0.35 na 0.45. Za kutoa moshi zilikuwa zimebana. Chujio la hewa lilikuwa jekundu kwa vumbi la laterite, tukaweka jipya.

Mambo haya yalifanywa kwa mkupuo mmoja, kwa sababu gari la kazi haliwezi kulala garaji wiki nzima kwa kila skrubu. Yakapimwa pamoja: lita 80, yaani 13.1 kwa 100. Lita 7 zilipungua, na moshi ukaisha.

Matairi

Yalibaki yale 315. Mama aliyapenda kwa jinsi yanavyoonekana, na sioni aibu katika hilo. Lakini alikuwa ameambiwa pia kwamba tairi kubwa hupunguza mizunguko ya injini, kwa hiyo linaokoa mafuta barabarani. Nalijibu kwa uzito, maana lina nusu ya ukweli. Tairi kubwa ni sawa na kurefusha gia. Kwa injini yenye nguvu za ziada, kwenye tambarare, injini ikizunguka polepole hutumia pungufu.

1HZ kwenye mita 1,200 na zaidi haina nguvu za ziada. Uwezo wake mzuri wa kuvuta uko karibu na mizunguko 2,200 kwa dakika, na kwa matairi ya kiwandani, gia ya tano, mwendo wa 90 hauko mbali na hapo. Waliolitengeneza walijua. Ukiweka 315, gia ya tano inakuwa ndefu mno; kila kilima shofa anarudi ya nne mguu ukiwa chini, na kwenye tambarare injini inavuta chini ya mahali pake pazuri. Ongeza uzito wa gurudumu lenyewe, vitofali vya matope vinavyokunjika kila mguso wa lami, na upana unaojitokeza nje ya bodi kupigana na hewa. Kinachookolewa kwa mizunguko kinaliwa na haya, na zaidi.

Tulilinganisha 265/75R16 za barabara na pori, na 7.50R16 za kawaida. Kipenyo chake ni karibu sawa, milimita 804 kwa 810. Za kwanza ni tulivu zaidi kwenye lami iliyolowa. Za pili ni nyembamba, ngumu, zinabeba mzigo vizuri, na zinapatikana kila kona ya Katanga mpaka vijijini. Kwa gari la mizigo, na kwa mwenye gari anayetaka tairi akipasukiwa Fungurume alipate Fungurume, nilishauri 7.50R16. Zilihitaji rimu nyembamba za asili, kwa sababu za 315 ni pana. Tulipata rimu zilizotumika, zilizonyooka, tukazipima moja moja kabla ya kulipa. Yale matairi makubwa na rimu zake yalipata mnunuzi haraka, mtu wa shamba ambaye anayahitaji kweli, na fedha yake ililipa sehemu kubwa ya matairi mapya.

Dashibodi na simu zikakaribiana tena. Alama ya rangi kwenye kioo ikafutwa. Safari ya kupima ikatoa lita 75: ni 12.3 kwa kilomita 100, hatua moja tu na jirani.

Ukizipanga, lita 27 zilizookolewa kila safari ziko hivi: 15 zilitoka kwenye mwendo, keria, upepo wa matairi na habu, 7 kwenye termostati, breki, pampu, nozeli, valvu na chujio, 5 kwenye matairi. Zidisha 27 kwa bei ya pampu ya siku unayosoma haya, kisha kwa safari zako za mwezi. Mama alizidisha mwenyewe kwenye daftari lake, akapata fedha ambayo ilikuwa inaondoka kila mwezi bila mtu wa kuilaumu.

Kuhusu turbo, nilimweleza hivi. Kwenye kimo chetu turbo ingeirudishia injini hewa iliyopungua, na kilima kingekuwa chepesi. Lakini 1HZ haikutengenezwa kwa ajili yake. Joto likizidi, kichwa cha silinda hupasuka, hasa ukiongeza mafuta bila kifaa cha kupima joto la moshi. Na shofa akipata nguvu mpya huzitumia, kwa hiyo mazutu hayapungui. Kama siku moja mzigo utaongezeka hata gari lishindwe, tutaizungumza kama suala la nguvu. Kwa suala la mafuta, hapana. Vilevile sikuweka sumaku kwenye mpira wa mazutu wala dawa za chupa zinazouzwa sokoni. Pesa hiyo nunulia chujio la mazutu la asili, na umwage maji yaliyo chini yake mara kwa mara, hasa ukilazimika kununua kwa bidoni za kando ya barabara.

Kazi iliyobaki haihusu mafuta lakini haingoji. Mkanda wa taiming wa injini hii hubadilishwa kila kilomita 100,000, na hakuna aliyejua huu una ngapi, kwa sababu kwa miaka yote hiyo ya matairi makubwa kila 100,000 za dashibodi zilikuwa karibu 108,500 za kweli. Mama amekubali mkanda ubadilishwe kabla ya safari inayofuata ya Kolwezi. Shofa ndiye atakayelileta gari garaji, na daftari la mazutu sasa analiandika yeye.